Mke Wangu na Inzi wa Vichwa Vinene

Katika miaka ya hamsini nilikuwa msaidizi wa mtaalamu mmoja Mzungu kwenye kituo cha kilimo karibu na Mbeya. Watu walimwita Bwana Wadudu. Mimi nilikamata wadudu kwa wavu, nikawachoma pini na kuwatenga kwa makundi. Nilikuwa nimesoma, navaa kaptula iliyonyooshwa kwa pasi, na niliamini kwamba Bwana hawezi kazi bila mimi.

Mwaka mmoja akawa hana habari nyingine ila inzi wa vichwa vinene. Inzi hawa wanafanana mno na nyigu: kiuno chembamba, mistari ya njano, mkia umekunjwa chini ya tumbo. Bwana alinifundisha kuhesabu mabawa, kwamba nyigu ana manne na inzi mawili. Lakini mabawa ya nyigu hushikamana, nami niliona aibu kuuliza mara ya pili. Nikawa nabahatisha.

Tukaenda kuwatafuta upande wa Iringa, tukafikia kwa wakwe zangu, mbele kidogo ya Nyololo, kwa kuwa baba mkwe alifuga nyuki. Mke wangu alifuatana nasi kusalimia wazazi. Siku ya pili alituletea chai uani, akasimama kutazama meza yetu.

"Huyu mmemweka na nyigu, lakini si nyigu," akasema.

Bwana akainua uso. "Umejuaje, mama?"

"Kichwa kimezidi mabega. Tena tunamfahamu. Anavizia kwenye maua, nyuki akipita anamrukia hukohuko hewani na kumtia yai. Siku chache tu, nyuki amekufa. Baba alikuwa akituweka watoto tuwafukuze."

Bwana akampa lenzi. Hakukawia. "Nyigu wana vinukta vitatu utosini, hawa wenu hawana." Hiyo ndiyo tofauti niliyoitafuta kitabuni mwezi mzima. Bwana akacheka kwa furaha, akamkaribisha kwenye kiti changu.

Ningemwonea wivu mwanamume mwingine, ningeweza kuwaambia hata wazee. Lakini nilionea wivu macho ya mke wangu, na hilo ningemwambia nani? Siku tatu nzima kila nikiuliza jambo, Bwana alinijibu, "Muulize mama."

Tulipofunga mizigo nilimchukua inzi mkubwa wa kahawia, aliyekamatwa na mke wangu mwenyewe, nikamchomeka kwenye sanduku la nyigu. Huku Mbeya Bwana alimtafuta mpaka akakata tamaa.

"Labda mama alikosea," nikamwambia. "Labda yule mdudu alikuwa nyigu tu."

Wiki chache baadaye mke wangu alikuja kazini kuchukua ufunguo wa nyumba. Sanduku lilikuwa wazi. Akamwona inzi wake, akanitazama mimi, kisha akamgeukia Bwana.

"Yuko hapa. Nilimweka vibaya mimi, Bwana, unisamehe."

Bwana alimshukuru, akamwomba awe anakuja kusaidia kila wiki. Akakataa kwa adabu, akasema ana shamba na watoto.

Njiani nilimuuliza kwa nini amejitwika kosa langu.

"Nilikuona pale uani," akasema. "Uso wako ulikuwa wa mtu aliyefiwa."

Badala ya kushukuru nilikasirika zaidi, maana hata kwa moyo alikuwa amenishinda. Sikumwomba radhi mpaka mwaka uliofuata, tukipalilia viazi.

"Ule wivu ulikwisha?" akauliza.

"Bado kidogo."

Akanionyesha tuta nililoruka, tukaendelea kupalilia.