Kiza Nilichokikata

Siku yangu ya kwanza kazini Opereta Mkuu hakunionyesha mashine. Alinisimamisha kwenye kijitundu cha ukutani kinachotazama ukumbi, akasema: "Skrini ikiwa nyeusi hata kidogo, aibu ni yako, si ya mashine."

Maneno hayo yalinikaa mwilini. Sinema yetu ilikuwa hatua chache kutoka mtaa wa Kibokoni, na wateja wa mji huu, wanangu, hawana subira. Filamu ikikatika, miluzi, na vifuko vya njugu vinaruka. Hapo nikwangue ncha mbili kwa wembe, nipake gundi, nizibane, niendelee. Nilikuwa hodari. Sijisifu, haya, najisifu. Lakini sikukaa kitako miaka yote ile, maana rili moja, yaani gurudumu la filamu, ikikaribia kwisha, sharti ya pili iwe tayari kwenye mashine ya pili. Mpaka leo nikila wali huku nimesimama, mke wangu huniambia, "Keti, bwana, hapa hapana rili."

Nikiwa nakaribia kustaafu, Meneja alikodisha ukumbi kwa bibi mmoja Mjerumani, alasiri mbili, Jumamosi na Jumapili. Bibi huyo alileta filamu aliyoitengeneza mwenyewe. Hadithi hamna. Wanajeshi wanaandamana, mwanasiasa anahutubia bila sauti, mwanamke yuko jukwaani anaimba opera, yaani mchezo ambao maneno yote huimbwa. Mara wanajeshi wanarudi kinyumenyume. Mimi nimekulia kwenye taarabu, wimbo mrefu haunitishi, lakini ile ilinichosha.

Desturi ya opereta ni kuikagua filamu kabla, akiipitisha vidoleni. Katika rili ya mwisho nikakuta kipande kirefu cheusi tititi. Ukingoni mstari unaobeba sauti ulikuwapo. Niliuona, nikaupuuza. Nikasema maskini, wameiharibu huko kwao kwenye dawa ya kusafishia filamu. Nikakikata, nikaunga, kipande nikakitia kwenye kopo la biskuti. Wallahi nilidhani namfanyia hisani.

Jumamosi ikapita bila mluzi hata mmoja. Taa zilipowaka, bibi yule akapanda mpaka chumbani kwangu. Kiswahili alikijua, cha polepole.

"Kiza kiko wapi?" akauliza.

Nikamjibu kwa fahari kwamba nimemtengenezea. Akakaa kwenye kiti changu, kile nisichokikalia. Akanieleza kuwa mwimbaji yule ni mamake. Wakati wa vita aliletewa habari nyuma ya jukwaa kwamba mumewe ameuawa, na wakubwa wa serikali waliokaa mbele wakataka onyesho liendelee. Akaimba mpaka mwisho.

"Baba hana kaburi," akasema. "Nilimpa dakika nne pale, na sauti ya mama."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimekata kaburi la mtu kwa wembe! Nikatoa kopo, nikakiunga kipande mbele ya macho yake.

Jumapili kiza kilipoingia, miluzi ikaanza. Meneja akaja kugonga mlango, akasema nisipowasha taa, kesho nisirudi. Nilimjua, hakuwa mtu wa mzaha. Nikatia komeo. Kisha nikakaa, nikaikalia na mikono yangu, kwa sababu ilikuwa inataka kufanya kazi. Sauti ya yule mama ikapanda ndani ya kiza, Meneja anagonga, watu wanapiga kelele. Halafu nikamsikia mwanamke mmoja chini ukumbini, mtu mzima kwa sauti yake, ambaye sidhani alijua neno la Kijerumani.

"Hebu nyamazeni," akasema. "Huyu ana msiba."

Wakanyamaza, mpaka picha iliporudi.

Jumatatu funguo zilikuwa na mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila keki wala hotuba. Vijana huniuliza kama najuta. Najuta sana, lakini ile Jumamosi, si Jumapili. Alasiri hutembea kando ya bahari pale Mama Ngina, na wale watazamaji wa Jumamosi huwaona, mmoja hapa kwa muuza mihogo, mmoja pale na wajukuu. Huwasimamisha, nikawaambia picha ile hawakuiona yote, kosa ni langu. Wengi hucheka, hawaikumbuki. Mimi huwaomba wakae nami kwenye ukuta wa bahari dakika nne, tusiseme kitu.