Siku ya Soko

Mimi ni mwandishi wa maelezo. Kwa miaka mingi, katika ofisi ndogo ya wanasheria hapa Bukavu, nimewasikiliza watu waliotendewa unyama na kugeuza Kiswahili chao kuwa Kifaransa cha mahakama. Nilijivuna, sifichi. Majaji walizipenda karatasi zangu kwa sababu kila tukio lilikuwa na siku yake na saa yake.

Mama mmoja alishuka kutoka milima ya Kalehe. Mume wake alikuwa amepigwa risasi uani, na yeye peke yake ndiye aliyemwona kapiteni mmoja wa jeshi akitoa amri. Nilimuuliza ilikuwa siku gani.

"Ilikuwa siku ya soko, papa," alijibu, akiniita baba kwa heshima.

Vijijini kwetu ndivyo watu wanavyohesabu, nami nimekulia huko. Soko letu ni la Ijumaa. Nikaandika Ijumaa, tena kwa mwandiko mzuri, bila kuinua kichwa. Sheria inataka shahidi asomewe neno kwa neno kabla ya kutia kidole kwenye wino. Benchi lilikuwa limejaa watu waliosubiri, basi nikamsomea kwa mkato. Akatia kidole.

Mahakama ya kijeshi ilipoketi, wakili wa kapiteni alionyesha kwamba Ijumaa ile mteja wake alikuwa Bukavu mkutanoni, na sahihi yake ipo kwenye orodha ya waliohudhuria. Akamgeukia mama, akamuuliza kwa nini anadanganya.

"Mimi sikusema vendredi," alijibu. "Soko ya kwetu iko mercredi." Kumbe soko lao ni la Jumatano, si la Ijumaa.

Wakili akacheka, akainua karatasi yenye alama ya kidole cha mama. Mimi nilikuwa nimeketi hatua tatu nyuma ya mama. Ningesimama na kusema kosa ni langu, huenda wangenisikiliza. Lakini nilifikiria kazi yangu na majaji walioniamini. Niliogopa. Nikabaki nikitazama viatu vyangu, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Ushahidi ukatupwa. Kapiteni akaachiliwa, akarudishwa kikosini kwake.

Nje nilimkuta mama kwenye ngazi, akijifunga kitenge upya. Nilimweleza yote, tangu Ijumaa yangu mpaka woga wangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Papa, kambi ya kapiteni iko ku njia ya kwetu," alisema. "Sasa mi nitapita wapi?"