Kahawa ya Bibi Kwenye Picha ya Maua

Harufu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa hunirudisha kwenye kijiji kimoja kidogo cha Uingereza, ambako mama aliajiriwa kumtunza Bwana Walter, mzee aliyekuwa hawezi tena kutembea. Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba zilikuwa za mawe, ukungu ulilala mabondeni mpaka saa nne asubuhi, na kondoo walitokeza humo kama vipande vya ndoto. Kila mwanzo wa kiangazi wanakijiji waliipamba chemchemi yao, kama walivyofanya mababu zao: walipaka udongo kwenye ubao mpana, wakabandika petali za maua moja moja mpaka picha ikatokea, kisha wakausimamisha kando ya maji. Bwana Walter ndiye aliyechora picha hizo, na mwaka ule alichora mwanamke anayeteka maji.

Majira hayohayo bibi alifariki kwetu Moshi, na mama, bintiye wa pekee, hakupata ruhusa ya kwenda kumzika. Alilia siku moja, kisha akanyamaza. Rafuni ulibaki mkebe wa kahawa aliyoikaanga bibi mwenyewe. Mama hakuichemsha, aliufungua tu mkebe, akanusa, akaufunga.

Mbegu nyeusi tulizokuwa tukibandika kwenye nywele za yule mwanamke wa pichani zilipopungua, nilikimbia nyumbani nikauchukua ule mkebe. Nilichomeka buni moja baada ya nyingine, Bwana Walter akinitazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Hizo nywele za nani?" aliniuliza.

"Za bibi."

Jioni mama alikuja kumchukua mzee, akaiona kahawa.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, mama."

Nilingoja kofi. Badala yake aliinama, akaweka pua kwenye zile nywele, akavuta pumzi ndefu. Kisha akaangua kilio cha msibani, kama wanavyolia kwetu, katikati ya watu wale wa sauti za chini. Hakuna aliyemnyamazisha. Wanawake waliweka maua chini wakamshika. Bwana Walter akavua kofia.

Sasa niliye mbali ni mimi. Nanunua nguo Zhanqian Road, hapa Guangzhou, napeleka nyumbani kuuza. Mwaka jana mama alipofariki, nilitazama mazishi kwenye simu, katika ofisi ya wakala wa mizigo pale jengo la Tianxiu, nimezungukwa na marobota. Niliona jeneza, migomba, hata matope kwenye viatu vya mchungaji. Wakala alinisogezea kiti, akapunguza sauti ya redio. Nililia kimyakimya, nisiwasumbue wateja.