Sahani ya Revelian

Tangu mumewe afariki, Mwalimu Felicitas hakuwa ametoa chozi hata moja. Si hospitalini, si kanisani, wala siku ile jeneza liliposhushwa katikati ya migomba ya ukoo kule Muleba, mawifi wakigaragara chini na yeye amesimama wima kama aliyeambiwa asubiri. Mawifi hawakukosa kuliona hilo. Mmoja wao, Eufrazia, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni kwamba kuna wanawake wana mioyo ya jiwe. Felicitas alimsikia, akaendelea kumenya ndizi. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha: hakukasirika, hakuhuzunika, hakuhisi kitu chochote, na miezi kumi na moja baadaye alikuwa bado yuko vilevile.

Alirudi Goba, kwenye nyumba waliyoijenga kwa miaka kumi na minne, msingi kwanza, kuta baadaye, bati walipokuwa wameshachoka, akaendelea kufundisha darasa la tatu. Aliamka, alioga, alisahihisha madaftari. Watoto wakimwamkia aliitikia. Mtu akimuuliza habari alisema nzuri. Usiku alilala fofofo, jambo ambalo nalo lilimtia aibu, maana wajane aliowajua yeye walikuwa hawalali. Alichoacha ni kwenda misibani. Msibani watu wanakutazama usoni, na uso wake haukuwa na cha kuonyesha. Mtaa ukaanza kumnung'unikia, na haki walikuwa nayo. Dar hii ukikosa harusi watu watakusamehe, msiba hapana.

Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na yake, walihamia Wavietnamu. Mume aliitwa Toan, fundi wa minara ya simu, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi na vumbi hadi kwenye kope. Mkewe ni Hien, mwembamba, mchangamfu, aliyejifunza Kiswahili sokoni na kwa hiyo alijua majina ya kila aina ya mboga kabla hajajua kuaga. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hadi vitoto vya chekechea, navyo viliitikia marahaba kwa raha zao zote. Mtaa ulimpenda kwa hilo. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja na kuingia ndani kwake ni jingine, na minong'ono ilikuwepo: kwamba wanakula vyura, kwamba wanachoma udi mbele ya picha za watu. Felicitas aliyasikia hayo yote kama anavyosikia redio ya jirani. Siku za mwanzo Hien alimletea bakuli la wali wa kunata. Alishukuru, akalirudisha na mayai sita ndani, maana bakuli la mtu halirudishwi tupu, na ujirani ukaishia hapo.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, Khulud akaja akigonga geti kwa funguo. Khulud ndiye mwenye duka la kona, duka alilolianzisha babu yake aliyetoka Uarabuni, na hakuna mtu wa mtaa ule aliyezaliwa, aliyeolewa wala aliyekufa bila Khulud kupanga viti.

"Mwalimu, jifunge kanga. Mchina wetu kafiwa."

"Mvietnamu," alisema Felicitas.

"Huyohuyo. Kafiwa na mama mkwe. Nimempelekea viberiti, nakuta meza katikati ya sebule, picha ya bibi kizee, maua, udi unafuka, mume kavaa shati jeupe hajaenda kazini, mwenyewe kainama hivi. Namuuliza, ni nani huyu? Kasema mama wa mume wangu. Kafariki? Kasema ndiyo. Mie nikatoka mbio. Wako peke yao, Mwalimu! Maiti kule, wao huku, hawana hata shangazi!"

"Amekufa lini?"

"Nawe! Mfiwa unamuulizaga tarehe?"

Felicitas alitaka kusema kichwa kinamuuma. Ila kumkatalia Khulud kulitaka nguvu nyingi kuliko kwenda, akajifunga kanga akaenda.

Tuseme ukweli, mtaa ule unajua kazi. Ndani ya nusu saa wanaume walikuwa wametoa makochi ya Toan nje na kufunga turubai kutoka getini hadi kwenye mpapai. Mikeka ikatandikwa. Yuliana wa jumuiya alikuja na mkaa, mwingine unga, mwingine sukari. Toan alisimama akiwatazama wanavyohangaika na kochi lake mlangoni, kisha akashika upande mmoja akawasaidia. Khulud ndiye aliyeangua kilio wa kwanza, na akianza yeye wengine hawabaki nyuma. Sebule nzima ikamlilia yule bibi wa kwenye picha kama vile ndiye aliyewalea.

Felicitas alikaa ukutani, macho makavu. Alimtazama yule bibi: nywele zimevutwa nyuma, midomo imebanwa kama anayengoja mpiga picha amalize haraka. Mbele yake kulikuwa na kuku mzima wa kuchemsha, samaki wa tangawizi, bakuli la wali, kikombe kidogo cha chai, na vijiti vya kulia vimewekwa tayari. Felicitas alijaribu. Alilifikiria jeneza, alimfikiria mumewe, Revelian, alivyokuwa amelala kitandani siku ile ya mwisho, wodini, mdomo wazi. Hakuna. Ndani kulikuwa kimya kama darasani wakati wa likizo.

Hien, yeye, macho yalimjaa machozi. Alikuwa anashika mikono ya kila mwanamke aliyeingia, na vijiti vya udi vilipoisha kuungua akaanza kugawa chakula. Alipomfikia Khulud na sahani ya vitu vyembamba vya kukaanga, mfano wa sambusa ndefu, aliirudisha nyuma haraka. "Hapana, dada. Nguruwe," alisema, akamletea samaki. Khulud akamshika mkono akalia upya.

Ni Yuliana aliyeuliza swali ambalo kwenye kila msiba lazima liulizwe. "Shemeji, mazishi lini? Mtasafiri?"

Toan alimtazama mkewe. Wakashauriana kwa lugha yao. Kisha akasema polepole, "Alizikwa. Miaka kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa?" Khulud aliuliza, leso bado iko shavuni.

Hien akaeleza kwa maneno aliyokuwa nayo. Kila mwaka, siku aliyokufa, wanampikia anachopenda. Wanaweka mezani. Wanamwita jina aje ale. Udi ukiisha ina maana ameshiba, basi wanakula wao. Kwao wageni wakiwa wengi ni heshima kwa marehemu, na mwaka huu alijua watakuwa wawili tu, ameamka akisikitika. "Halafu nyinyi mmekuja," alisema. "Mmelia. Mama amefurahi sana."

Khulud alimtazama yule bibi, akaitazama leso yake iliyolowa. "Na mie nimemlilia kuliko nilivyomlilia shangazi yangu!" Sebule ikalipuka kwa kicheko. Walicheka hadi Toan naye akacheka, ingawa hakuelewa vizuri. Wakala kila kitu. Makochi yalirudishwa ndani saa tisa.

Felicitas hakucheka. Alibaki akiosha vyombo na Hien, na mikono ikiwa ndani ya maji akauliza, "Mnamwita kabisa? Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Kama mtu yuko chumbani."

Felicitas alisuuza bakuli. Alitambua kwamba tangu Muleba hajalitamka jina la mumewe hata siku moja. Alikuwa anasema marehemu, anasema baba Erasmus.

"Mume wako," Hien akasema, "siku yake lini?"

Ilikuwa Jumamosi ijayo. Erasmus, mwanawe aliyekuwa anafanya kazi Dodoma, alikwishapiga simu mara tatu: misa ya mwaka itasomwa Muleba, mama unakuja? Alimjibu kwamba magoti yanamsumbua. Magoti yalikuwa mazima. Aliogopa kusimama tena mbele ya mawifi na mwaka umeshapita na bado mkavu, maana hapo lingekuwa jibu lenyewe: kwamba aliishi na mtu miaka ishirini na saba bila kumpenda.

"Anapenda kula nini?" Hien aliuliza.

"Ndizi na maharage."

"Utapika. Mimi nitakuja."

Jumamosi ile Felicitas alimenya ndizi kwa sababu alikuwa amesema atamenya. Alipika kama anavyopika siku zote, mkono unajua na kichwa hakipo. Udi aliukataa. Alikuwa Mkatoliki na hakutaka maswali na padri, akawasha mshumaa wa kanisani, na Hien hakuona tofauti. Picha ya Revelian, amevaa suti ya kuazima, ilishushwa ukutani ikaegemezwa kwenye chupa ya chai. Sahani iliwekwa mbele yake pamoja na kijiko, kwani uma aliuchukia.

"Sasa mwite," alisema Hien.

Felicitas alifungua mdomo, akajiona mjinga. Saa saba mchana, mtu mzima, mwalimu, anaiita picha. "Revelian," alisema, na sauti iliyotoka haikuwa ya msibani hata kidogo. Ilikuwa ile ya kila siku, ya kumwita akiwa amezama kwenye gazeti. "Chakula kinapoa."

Hakuna kilichotokea. Mshumaa uliwaka. Kuku wa jirani walipita chini ya dirisha, mvuke kwenye ndizi ukaisha. Basi ndivyo nilivyo, alijiambia, na hata hilo halikumuuma. Akakigawa kile chakula kwenye sahani mbili, wakaanza kula.

Hien alitafuna, akatulia, akatafuna tena. Alikuwa mtu wa adabu, akangoja hadi kijiko cha tatu.

"Mama," alisema kwa upole, "chumvi iko wapi?"

"Sitiagi chumvi," alisema Felicitas huku anakula. "Mume wangu ana presha. Daktari alimkataza, mwaka wa sita huu."

Kijiko kikamsimama njiani.

Aliitazama sahani. Mwaka mzima alikuwa amepika, mchana na jioni, peke yake humo ndani, chakula kisicho na chumvi, akakila chote, na hakuna siku hata moja ulimi wake ulipomwambia. Alitaka kumweleza Hien jambo hilo, alieleze vizuri kama mwalimu. "Nilikuwa nampikia," alisema. "Kila siku. Nilikuwa bado na—" na sauti ikakatika, na kilio kikamtoka akiwa bado ana ndizi mdomoni, kikubwa, kibaya, cha kamasi, cha mtu asiyejali nani anamsikia. Hien hakumwambia nyamaza. Alisogeza sahani katikati ya meza isije ikadondoka, akakaa.