Hatuna Simu ya Mezani, na King'amuzi Hakitoki

Mwanangu, kaa hapa nikusimulie siku niliyomwambia mtu hapana kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Nakumbuka ilikuwa Desemba ya mwaka 2018, hapa hapa Fort Worth. Kwa umri nilikuwa mama wa watu, ila katika nchi hii nilikuwa bado mtoto mchanga. Nilikuwa naitikia kila kitu. Mtu akiwa na beji shingoni na karatasi mkononi, mimi nasema yes kabla hajamaliza sentensi. Sisi Warundi wa rika langu tulijifunza hivyo kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma: ukibishana na mwenye karatasi, unarudishwa nyuma ya foleni.

Mume wangu, Baba Divine, alikuwa anafanya kazi ghalani, zamu ya kuanzia mchana. Akirudi, sisi tumeshalala. Akiamka, binti yetu Divine yuko shule. Kwetu desturi unaijua: asiyekuwepo anafunikiwa chakula chake, na hakuna anayeigusa sahani ile hata kama nyumba nzima ina njaa. Kila jioni nilimfunikia. Lakini kulikuwa na mengine mengi aliyoyakosa, na hayo nilishindwa kuyaweka kwenye sahani. Ndiyo maana siku muuzaji alipogonga mlango akasema ana king'amuzi kinachorekodi, kwamba kipindi kinakaa humo kikimsubiri mtu mpaka apate nafasi, nilisema yes, na yes hiyo ilitoka moyoni.

Fundi akaja. Akafunga dishi kwenye kibaraza, akachomeka waya zake, kisha akaanza kupapasa ukuta. Kumbe anatafuta tundu la simu ya mezani. Akalipata nyuma ya kochi, limepakwa rangi pamoja na ukuta, limekufa siku nyingi. Akaniuliza simu ya nyumba iko wapi, nikamwonyesha ile ya mkononi. Akatikisa kichwa. King'amuzi cha kurekodi, akasema, lazima kiunganishwe na simu ya mezani. Kama hatuna, kampuni itakichukua na kutuletea kile cha kawaida. Nikasema yes. Ndiyo, nikasema yes, ulimi ulishazoea.

Alipoondoka nikakaa na rimoti. Bwana wa hali ya hewa alikuwa anaeleza upepo wa kesho, nikabonyeza kitufe chekundu. Nikasubiri kidogo, nikarudisha nyuma. Bwana yule akasimama tena na tai yake ileile, akaanza upya habari ya upepo. Nilicheka peke yangu sebuleni. Simu hakuna, waya hakuna, na chombo kinarekodi! Kila jioni kilileta maandishi kwenye kioo kwamba niunganishe simu, na kila jioni nilibonyeza OK, yakaondoka.

Wiki hiyohiyo Divine akaja mbio kutoka shule. Watu wa televisheni ya hapa mjini walikuwa wamerekodi kwaya yao ya Krismasi, na ubeti mmoja alikuwa ameuimba peke yake. Ungeonyeshwa Ijumaa jioni. Furaha yake ilidumu mpaka alipokumbuka kwamba Ijumaa baba yake yuko kazini, na kabla ya Krismasi ghala halimpi mtu ruhusa, achilia mbali aliyeajiriwa juzi.

"Usijali," nikamwambia. "Tutamfunikia."

Mtoto akaelewa papo hapo, akaenda kuvua viatu.

Ndipo kampuni ikapiga simu. Kiingereza changu wakati ule kilitosha kununulia mkate tu, kwa hiyo nikamuunganisha kwenye laini shemeji Evariste, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa Sugar Land kule Houston akifanya kazi ofisini. Yeye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo mzima. Hospitali, shule, mwenye nyumba, wote walizungumza na shemeji. Dada wa kampuni akasema watakuja kukibadilisha king'amuzi Ijumaa asubuhi.

"Mwambie hapana," nikasema. "Kinarekodi bila simu. Nimekijaribu mwenyewe."

Shemeji akaongea Kiingereza kirefu, kitamu, na ndani yake nikasikia okay, nikasikia Friday, nikasikia thank you so much. Hapana yangu sikuisikia popote.

"Shemeji, umemwambia nini?"

"Mama Divine, tusiwa-challenge hawa watu. Ni policy yao. Nime-confirm Ijumaa, watawaletea kingine kizuri tu."

"Hicho kingine kinarekodi?"

"Hakirekodi. Lakini sisi ni wageni hapa, jamani. Siyo vizuri kuonekana wagomvi."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Shemeji ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya. Yeye ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege, yeye ndiye aliyetutafutia majaketi. Lakini alikuwa ameichukua hapana yangu akaigeuza ndiyo, kwa adabu ileile tuliyofunzwa sote, na kwa adabu hiyo baba angemkosa mwanawe. Wageni! Kwani mgeni hana mume? Yule dada alikuwa bado hajakata, nami nikapaza sauti.

"Miss! No. No Friday. Box is good. No phone, no problem. You no come."

Ukitaka kukicheka Kiingereza changu, kicheke, lakini kilifika. Shemeji akaanza kusema sorry, nikamwambia shemeji, kwa heshima zote, naomba unyamaze. Dada akasema ataandika maelezo yangu.

Ijumaa asubuhi fundi yuleyule akagonga, na kisanduku kipya kwapani. Nikasimama mlangoni na kitenge changu, sikumpisha. Nikamwita kwa kidole achungulie, nikamwonyesha bwana wa hali ya hewa, ambaye kwa makusudi sikuwa nimemfuta. Nikamrudisha nyuma, nikamsimamisha, nikamwendesha. Kisha nikamwonyesha lile tundu lililokufa. "You see?" Fundi akajikuna kichwa, akakiri kwamba ule waya hasa ni wa kuagizia filamu za kununua. Nikamwambia sisi hatununui filamu. Akacheka, akaondoka na kisanduku chake.

Jioni kipindi kikaanza, taa nyekundu ikawaka kwenye king'amuzi. Nikamwita Divine aje ajione. Nikamkuta jikoni, amekaa sakafuni, ameipa televisheni mgongo na kuziba masikio.

"I'm waiting for Papa," akasema.

Basi nami nikazima kioo, nikakaa naye palepale jikoni, kipindi kikajirekodi chenyewe. Sikuwa na hakika nacho asilimia zote, nakwambia ukweli. Usiku ule niliomba rozari kwa ajili ya mashine.

Jumapili tulipotoka misa, Baba Divine akakaa kwenye kochi na suti yake, Divine katikati yetu. Nikabonyeza. Mtoto akatokea, akaimba ubeti wake, mikono imebana gauni kwa woga. Baba yake akainama kuelekea kioo. Akaniambia tu, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Machozi yalikuwa yanamwagika hadi kwenye tai, na hakuyafuta. Kisha akamgeukia binti yake, akamuuliza, "Na wewe ulikuwa hujaona?" Divine akatikisa kichwa. "Mliniwekea," akasema mume wangu.

Shemeji alipokuja Krismasi nilimwonyesha na yeye. Tangu siku ile, akinitafsiria popote, huniuliza kwanza, "Mama Divine, niseme vilevile?" Nami namjibu, vilevile.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mtu akikwambia kitu hakiwezekani kwa sababu huna hiki wala kile, mheshimu, mpe kiti, kisha kijaribu mwenyewe. Kikifanya kazi, usikitoe. Usimwachie mtu mwingine aiseme hapana yako, hata kama anakupenda, hata kama Kiingereza chake kinateleza kuliko chako. Na usiruhusu mtu akwambie kwamba aliye kazini hastahili kuwekewa sehemu yake. Kwa hilo, gombana. Gombana na kampuni, gombana na shemeji, na mimi nikikosea, gombana na mimi pia.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe sauti ya kutosha mlango wako. Na popote kazi itakapokuchelewesha katika nchi hii kubwa, urudi ukute umefunikiwa.