Bega Langu na Mguu wa Dada

Juzi nilikuwa sokoni Kicukiro nanunua mboga, nikamwona msichana mwenye pete za chuma mguuni, zile za kurefushia mfupa. Mkono wake umeshika bega la mdogo wake, wanapita polepole kati ya mafungu ya nyanya. Nilisimama nikawatazama mpaka muuzaji akaniuliza, "Mama, unanunua ama hununui?" Ndugu yangu, wivu ulionipata! Si wa yule mwenye chuma. Nilimwonea wivu yule mdogo. Ngoja nikueleze, usije ukaniona nina roho mbaya bure.

Dada yangu alipokuwa mchanga, mfupa wa mguu wake wa kushoto uliingia usaha, na tangu hapo mguu ule ukawa mvivu wa kukua. Nilipoanza shule, ulikuwa umepitwa na mwenzake kwa upana wa kiganja. Fimbo hakuitaka. Fimbo yake ilikuwa mimi. Mkono wake wa kushoto ulikaa begani kwangu kwenda shule, kurudi, madrasa, dukani, na njia nzima alinitungia hadithi na kuniigizia walimu mpaka nacheka nashika tumbo. Wasichana wa darasa lake walikuwa na mwendo wao, hawakumsubiri. Basi dada alikuwa wangu peke yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Gauni za dada alizikata kwa ujanja: pindo la kushoto alilipunguza, maana mtu akisimama na mguu mfupi nyonga hushuka, na gauni hushuka nayo. Dada akizivaa, pindo lilikaa sawa kabisa. Zikimbana nilirithi mimi, na mimi mwenye miguu sawa nikaonekana kama niliyevaa gizani.

Kisha ikaja habari ya daktari. Alimweleza mama kwamba ataukata mfupa, aushikilie kwa pete na waya zinazopenya nyama, halafu kila siku skrubu zizungushwe kidogo tu, vipande viachane taratibu, na mfupa mpya uote katikati. Mama ndiye aliyezungusha kwa spana ndogo, akisema haraka haraka haina baraka, dada akiuma kitenge. Mimi nilichemsha maji ya chumvi ya kusafishia pale waya zinapoingia. Nilifua matambara, nikafagia, nikaenda shule peke yangu.

Na wageni je! Bibi alikuja kwa basi kutoka Kabuga na kidumu cha ikivuguto, yale maziwa ya mgando, akasema mfupa hauoti kwa kunywa maji. Jirani akaleta mayai. Mwalimu wangu mimi, wangu, akaja na fanta, akanipita mlangoni kama hanijui. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwetu aliyepona alikuwa mmoja tu.

Lakini wivu wa mayai ulikuwa mdogo. Kisha walianza kuja wale wasichana wa darasa lake. Walikaa kitandani kwake, wakacheka, nikiingia wananyamaza. Siku moja mmoja akamwambia, "Ukipona tutakuwa tunaenda shule wote." Nilikuwa pale na beseni la maji mkononi, na hakuna aliyeniangalia. Nililia nyuma ya choo, nikatamani mfupa uchoke.

Mama alikuwa anapima ule mguu kwa tepu yake ya ushonaji. Idd ilipokaribia akatangaza kwamba miguu iko sawa. Daktari akamwambia bado, mama akasema yeye kupima watu ndiyo kazi yake, akakata gauni pana la kufunika vyuma, pindo sawa pande zote. Asubuhi ya Idd dada akasimama, na pindo likaanguka kushoto. Tepu ilikuwa inapanda juu ya pete na kushuka, ikaurefusha mguu kwa uongo. Mama alishika mdomo. Dada alilia, kisha akaninyooshea mkono. "Njoo, mdogo wangu." Tukaenda nyumba moja baada ya nyingine, mkono begani, sambusa mdomoni, akaniambia hadithi ndefu kuliko zote. Sijawahi kuwa na Idd kama ile.

Vyuma vilitolewa miezi mingi baadaye. Idd iliyofuata mama akapima upya, akakata pindo sawa, na likakaa sawa. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaingia. Wasichana wale walikuwa nje wanasubiri. Mimi nilishajiweka mlangoni, upande wangu, nimevaa tayari. Dada akanipita akitazama miguu yake anacheka, akaongeza mwendo, wakapotea kwenye kona.

Alhamdulillahi, alipona, sisemi vibaya. Leo ana ofisi Kimihurura, na anatembea kama mtu anayefukuzwa. Mama hayupo, nyumba ile imebomolewa, na zile hadithi dada hazikumbuki hata moja, nilimuuliza, akasema, "Hadithi gani?" Watu wakimwona hawajui ni mguu upi uliokuwa mfupi. Mimi sisahau, maana tukitoka pamoja bado naenda kushoto kwake, karibu, na mkono wake umeshika simu.