Visima Vitatu vya Bondeni

Profesa Nawwaf Shurman hakuwa mwizi. Kule Irbid, kaskazini mwa Jordan, alikofundisha elimu ya maji miaka ishirini na mitatu, alijulikana kwa adabu na upole. Lakini simu ya wizara ya maji ilikuwa ikilia kwake. Haikulia kwa Dokta Rudaina, jirani yake wa ofisi, ingawa huyo ndiye aliyepima visima vya mkoa wa Mafraq miaka sita, akila vumbi. Nawwaf na mshauri wa waziri walikutana kila msiba na kila harusi, kwenye ukumbi wa wanaume, na mengi ya wizara yalimalizwa humo humo.

Waziri alipotaka kujua visima gani vya Mafraq vifungwe ili maji ya ardhini yasiishe, Rudaina alimkabidhi Nawwaf ripoti yake.

"Waambie nije mwenyewe, Abu Laith," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Wakikuuliza swali utawajibu nini?"

"Nitawaambia, dada. Hilo niachie mimi."

Hakuwaambia. Waziri alipouliza nani kafanya utafiti mzuri hivi, alijibu, "Sisi, chuoni." Neno likateleza kama limepakwa mafuta.

"Kwa hiyo vyote vifungwe?"

Kurasa za mwisho Nawwaf alikuwa hajazifikia. Angeweza kusema sijui. Aliona haya.

"Vyote, mheshimiwa."

Wiki ya tatu vikafungwa. Rudaina akaingia ofisini kwake bila hodi.

"Vile vitatu vya bondeni vinajazwa na mvua! Niliandika visiguswe. Ulisoma?"

Nawwaf akaivuta ripoti, akafungua kurasa za mwisho.

"Umm Sakhr wa kule bondeni kanipigia analia, nyanya zake zinakauka. Nimelala kwake, nimekula mkate wake, nikamwambia vipimo hivi vitamfaa. Sasa mwongo ni mimi. Wewe hata hakujui!"

"Nisamehe, Rudaina."

"Kaziombe msamaha nyanya."

Siku kadhaa Nawwaf hakulala vizuri. Hatimaye akaomba miadi kwa waziri, yeye na Rudaina wakaenda wizarani Amman pamoja. Mshauri akambusu Nawwaf mashavuni, kisha akamgeukia Rudaina. "Karibu, dada. Wewe ndiye utakayetuandikia muhtasari?"

Uso ukamwaka Nawwaf. Maneno ya namna hiyo alikuwa ameyasikia mara ngapi, akacheka na wenzake!

"Huyu ndiye mwenye utafiti," alimwambia waziri. "Mimi nilimficha, kisha nikajibu nisilolijua. Kosa ni langu."

Rudaina akakunjua ramani, akazungumza karibu saa nzima. Mara mbili alipoulizwa alisema, "Hilo sijalipima," na waziri akaandika.

Visima vitatu vikafunguliwa baada ya miezi miwili, msimu wa nyanya umeshapita. Nawwaf alikwenda mwenyewe kwa Umm Sakhr. Bibi alimmiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kumtaja jina tu kulikushinda?"



Mwezi uliofuata mshauri alipiga simu tena, kwake yeye.

"Namba ya Rudaina nilikupa," Nawwaf akasema.

"Tunayo, Abu Laith. Ila wewe tumekuzoea."

"Mzoeeni na yeye."

Walimwita Rudaina mwishowe, baada ya kuwajaribu wanaume wawili wasioijua Mafraq. Kila asubuhi humsalimu Nawwaf kwa heshima zote. Ripoti zake hampi tena, na Nawwaf hathubutu kuziomba.